Wembe wa kale wa kujinoa: kazi ya jiwe, kazi ya ngozi na kazi ya mkono

Hakuna wembe unaojinoa. Kilichopo ni kasha lililobuniwa kwa ustadi mkubwa ili mtu asiye kinyozi aulaze wembe kwenye pembe ileile kila asubuhi, bila kupima wala kubahatisha. Kasha linashika pembe. Makali yenyewe yanaletwa na jiwe la kunolea, ngozi (kipande cha ngozi ya mnyama cha kulainishia makali) na wepesi wa mkono wako. Ukishalielewa hilo, karibu kila tatizo la nyembe hizi linajieleza. Usipolielewa, utasugua mpaka jiwe liishe na kidevu kitaendelea kukwaruzika.

Nyembe za namna hii bado zipo Nairobi. Nyingine zimelala kwenye masanduku ya mababu, nyingine hujitokeza kwenye meza za wauza vitu vya kale katikati ya saa mbovu na kamera za filamu, na nyingine huagizwa mtandaoni na vijana waliochoshwa na vipele vya ndevu. Kinachofuata hufanana mno. Mwenye wembe anafungua kasha, anapeleka mpini mbele na nyuma, anafurahia mlio wa gia, ananyoa, anaungua shingo nzima, kisha anatangaza kwamba chuma kimezeeka. Chuma hakizeeki namna hiyo. Bapa la chuma cha kaboni lililotunzwa vizuri likiwa na miaka 80 linaweza kushika makali sawa na siku lilipotoka kiwandani.

Kwanza tutenganishe koo tatu za nyembe, maana jina la wembe wa kujinoa hubebeshwa vitu visivyofanana kabisa.

Ukoo wa kwanza ni Valet AutoStrop, wa Mmarekani Henry Gaisman. Bapa lake ni jembamba, lina makali upande mmoja. Ukanda wa ngozi unapenyezwa kichwani mwa wembe bapa likiwa mlemle ndani, unauvuta wembe huku na huku juu ya ukanda, na vigurudumu vidogo vinaligeuza bapa kila unapobadili mwelekeo. Hakuna jiwe popote. Kwa hiyo huu haunolewi. Unapigwa ngozi tu, na bapa likishachoka kabisa unaweka jingine. Wazo hilo lilikuwa na nguvu ya kutosha kumsumbua mkubwa wa soko: baada ya mvutano wa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, kampuni ya Gaisman iliungana na Gillette mwaka 1930, na Gaisman mwenyewe akawa mwenyekiti.

Ukoo wa pili ni nyembe za Wilkinson Sword ya Uingereza, kampuni iliyojenga jina lake kwa panga za kijeshi. Hizi zilikuwa na mabapa mazito yaliyokombwa mbavu, yaani yamechongwa yakabonyea pande zote mbili, na seti za fahari zilikuja na mabapa saba, kila moja limechorwa jina la siku yake ya juma. Walioamini kwamba chuma kinahitaji kupumzika walifurahi. Mimi naona faida yake ni nyepesi zaidi: kila bapa linanyoa mara moja kwa wiki, kwa hiyo uchakavu unagawanyika mara saba. Nazo zilitegemea ngozi kwa kazi ya kila siku. Jiwe lilikuwa la fundi.

Ukoo wa tatu ndio wenye jiwe na ngozi kwa pamoja, na ndio makala hii inauhusu hasa: Rolls Razor ya London. Ilitengenezwa kuanzia miaka ya 1920 hadi miaka ya 1950, na ndiyo ambayo mtu wa Nairobi ana uwezekano mkubwa wa kukutana nayo, maana ni bidhaa ya Kiingereza ya enzi za ukoloni. Ni kasha la chuma lililopakwa nikeli au fedha, jembamba, zito mkononi kuliko unavyotarajia. Lina vifuniko viwili, kimoja kila upande. Ndani ya kimoja kuna jiwe, ndani ya kingine kuna ngozi. Katikati amelala mwenye nyumba: bapa moja nene, fupi, lenye mgongo mpana na mbavu zilizokombwa, pamoja na mpini wake.

Kwa nini mtu alihangaika kubuni kitu kama hiki? Jibu liko kwenye ushindani. Mwaka 1903 King Camp Gillette alianza kuuza wembe wake wa bapa jembamba la kutupa. Mwaka huo wa kwanza aliuza nyembe 51 na mabapa 168. Miaka 15 baadaye, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Marekani lilinunua kwake mamilioni ya nyembe kwa ajili ya askari, na askari hao wakarudi makwao wamezoea kutupa bapa na kuchukua jipya. Kambi ya pili ilisema hapana. Ilisema chuma kizuri kinafaa kununuliwa mara moja, na shida ya wembe wa kukunja haikuwa chuma chake, ilikuwa ujuzi unaohitajika kuunoa na kuushika. Basi waliupunguza wembe wa kukunja hadi ukatosha kichwani mwa mpini, wakauwekea kinga ya meno ili usizame kwenye ngozi ya mwenye kunyoa, kisha wakaweka kazi ya kunoa ndani ya kasha. Ndugu wa Kampfe wa New York walikuwa wameshafanya nusu ya kazi hiyo mwaka 1880, walipopata hataza ya wembe wenye kinga. Kilichokuwa kimebaki ni kunoa.

Kambi hiyo ilishindwa sokoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mabapa ya chuma kisichoshika kutu yalipofika madukani, mtu aliweza kunyoa mara nyingi kwa bapa moja la bei ndogo, na hoja ya kununua mara moja ikapoteza nguvu. Jina la Rolls Razor nalo lilikuwa na mwisho wa ajabu: lilichukuliwa na mfanyabiashara John Bloom, likatumika kuuza mashine za kufulia, na mwaka 1964 kampuni ikafilisika kwa kishindo kikubwa Uingereza. Kwa hiyo hakuna bapa jipya la kununua. Ulilonalo ndilo ulilonalo, na hilo linabadilisha kila uamuzi utakaofanya juu yake.

Sasa tuingie kwenye makali yenyewe. Makali ni mahali ambapo pande mbili za chuma zinakutana. Kwenye wembe mzuri, ncha hiyo ina upana wa sehemu ndogo ya elfu moja ya milimita, jicho haliwezi kuiona. Unywele wa kidevu una unene wa karibu sehemu ya kumi ya milimita. Ni laini kuliko chuma mara 50 hivi. Hata hivyo unaushinda. Watafiti wa chuo cha MIT huko Marekani walichapisha mwaka 2020 matokeo ya kuangalia chuma kikikata unywele ndani ya hadubini ya elektroni, na waligundua kwamba wembe haupungui makali kwa kusagika polepole tu. Unameguka. Unywele unapojikunja na kuegemea ncha kwa mshazari, na pale chuma kinapokuwa hakilingani ugumu, kipande kidogo kinang'oka. Pengo hilo nalo huzaa mengine.

Hapo ndipo jiwe na ngozi zinapotengana, na hapo ndipo watu wengi hupotea.

Jiwe linaondoa chuma. Linakula pande zote mbili mpaka mapengo yaishe na pande zikutane upya. Ngozi karibu haiondoi kitu. Inanyoosha ncha iliyopinda, inafuta uchafu na kutu changa isiyoonekana, na inalainisha mikwaruzo iliyoachwa na jiwe. Wembe uliolegea baada ya kunyoa unataka ngozi. Wembe uliomeguka unataka jiwe. Ukimpa wa kwanza jiwe kila asubuhi, unakula bapa lisilo na mbadala bila sababu, na kila mara unauacha na makali makorofi yanayohitaji ngozi nyingi kuliko uliyompa. Ukimpa wa pili ngozi, unaweza kupiga hadi bega liume na mapengo yatakuwa palepale.

Kasha linafanyaje kazi? Ondoa kifuniko cha ngozi, lile jiwe libaki chini. Simamisha mpini. Tazama mwisho wa bapa, utaona gia ndogo inayotembea juu ya meno yaliyochongwa kwenye ukingo wa fremu. Sukuma mpini taratibu sana, kidogo tu. Kabla bapa halijasogea, gia inaligeuza: linalala upande mmoja, linagusa jiwe, ndipo linateleza. Fika mwisho, vuta nyuma. Linapinduka kwanza, tak, linalala upande wa pili, ndipo linarudi. Huo ndio ule mlio. Kila safari upande mmoja, kila kurudi upande wa pili, kwa hiyo pande mbili zinaliwa sawasawa bila wewe kuhesabu.

Jambo zuri zaidi limejificha. Kwenye jiwe, makali yanatangulia, kana kwamba unataka kukata kipande chembamba cha jiwe. Kwenye ngozi, mgongo unatangulia na makali yanafuata nyuma, maana yangetangulia yangeikata ngozi. Gia ni ileile na mpini ni uleule. Tofauti inaletwa na kwamba jiwe na ngozi zimekaa pande mbili zinazokabiliana za kasha, kwa hiyo mzunguko uleule unalilaza bapa kinyume. Sijaona kifaa cha bafuni kilichofikiriwa kwa undani kuliko hiki.

Lakini angalia kile ambacho kasha haliwezi. Haliwezi kujua umebonyeza kiasi gani. Haliwezi kujua kama jiwe limeziba, kama ngozi imekauka, au kama bapa lina pengo ambalo jiwe hili laini litachukua miezi kulimaliza. Jiwe la kashani ni jembamba na lina chembe ndogo. Lilikusudiwa kurejesha makali yaliyochoka kidogo, kwenye bapa ambalo mshazari wake, yaani mteremko wa chuma unaoishia kwenye ncha, tayari umekaa sawa. Halikukusudiwa kufufua wembe uliokaa na unyevu tangu kabla ya Uhuru.

Basi ukipata wembe wa namna hii, usinyoe nao na usiunoe. Uchunguze.

Anza na gia. Mafuta ya zamani hugeuka kuwa gundi, na gia iliyoganda haligeuzi bapa kwa wakati. Bapa likianza kuteleza kabla halijalala vizuri, ncha inajikwangua kwenye jiwe ikiwa imesimama, na kila safari inaharibu zaidi. Safisha meno kwa mswaki wa zamani na spiriti, kausha, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye mhimili. Futa yanayobaki, maana mafuta yakifika kwenye jiwe yanaliziba.

Jiwe likifuata, liangalie kwenye mwanga wa pembeni. Mistari myeusi inayong'aa ni chuma kilichojaa kwenye vitundu vyake. Sabuni ya vyombo, maji kidogo na mswaki hukiondoa. Kisipotoka, kifutio cha penseli husaidia. Likauke kabisa, na mimi hulitumia kavu. Ufa ulioenda sambamba na safari ya bapa unaweza kuvumilika. Ufa unaolikata jiwe kwa upana ni hatari, maana kila safari ncha inagonga ukingo wake. Jiwe la hivyo liache, kasha libaki la kupigia ngozi.

Ngozi ndiyo huwa imekufa. Ikiwa imekauka lakini haijapasuka, paka mafuta ya ngozi kidogo mno, siku mbili tatu, ukiisugua kwa kiganja. Ikipasuka, ibadilishe, na hapa kuna jambo moja la kushikilia: kimo cha uso wa ngozi ni sehemu ya kipimo cha pembe. Ngozi nene kuliko ya mwanzo inainua uso na kulikutanisha bapa kwa pembe nyingine. Fundi mmoja wa viatu pale soko la Kariokor alikigusa kifuniko changu kwa kidole gumba, akaweka kando kipande cha soli nilichokuwa nimekichagua. "Hiyo itakusumbua, kaka. Chukua hii ya mkoba, bado ina mafuta yake." Nikamwomba unene usipite wa ile ya zamani. Hakubishana. Aliigeuza, akaishusha upande wa nyama kwa kisu chake cha kuchongea, akaiweka ubavuni mwa ile ya kale, akaishusha tena kidogo, mpaka kucha ikapita juu ya zote mbili bila kukwama. Gundi ya viatu, uzito juu yake usiku kucha, kazi ikaisha. Kazi kama hiyo inahitaji fundi mwenye mkono, na Nairobi haijapungukiwa nao.

Mwisho ni bapa. Chukua kalamu ya wino mzito, paka wino pembezoni mwa makali pande zote mbili, lirudishe kashani, peleka mpini mara mbili tu, kisha toa uangalie kwa lenzi au kamera ya simu iliyokuzwa. Wino ukiwa umefutika mpaka kwenye ncha kabisa, urefu wote, una bahati: pembe iko sawa, jiwe na ngozi za kashani zitatosha. Ukibaki mstari mwembamba wa wino kwenye ncha, jiwe linagusa nyuma yake na unaweza kusugua mwezi mzima bila kuyafikia makali. Ukibaki kwenye kona moja, bapa limeliwa upande mmoja na mtu aliyekutangulia. Jaribio hili linachukua dakika moja na linaokoa chuma kingi.

Makali yaliyopoteza umbo yanahitaji mawe makubwa ya fundi, yale yanayopangwa kwa namba, kadiri namba inavyopanda ndivyo chembe zinavyokuwa ndogo: 1000 kuweka mshazari upya, halafu 4000 au karibu na hapo, 8000, na kumalizia 12000. Bapa linatolewa kashani na kuwekewa kishikio, kwa sababu ni fupi mno kushikwa kwa vidole kwa usalama. Jiwe la namba 1000 lazima liwe tambarare. Lichore mistari ya penseli, lisugue juu ya msasa wa maji uliolazwa kwenye kioo kinene; mistari ikipotea yote kwa pamoja, liko sawa. Msasa huo mzuri, hadi namba 2000, unapatikana kwenye maduka yanayouza rangi za magari, maana mafundi wa kupaka rangi huutumia kila siku. Ukishaweka mshazari, rudi kashani. Kuanzia hapo kasha linajitosheleza kwa muda mrefu.

Kuna mtu mmoja ambaye hutakiwi kumpa bapa hili hata kwa kuliangalia, naye ni yule fundi wa visu anayepita mitaani na baiskeli iliyogeuzwa kuwa mashine ya kunolea. Namheshimu kwa visu vya jikoni na mapanga. Gurudumu lake kavu linazalisha joto, na ncha ya wembe ni nyembamba kiasi kwamba inapata moto papo hapo. Chuma cha kaboni huanza kupoteza ugumu kikikaribia nyuzi 200 za Selsiasi. Ukiona rangi ya buluu ukingoni, kimeshapita hapo kwa mbali, na sehemu hiyo haitashika makali tena hadi uisage yote iishe. Sekunde mbili zinatosha kumaliza kilichodumu miaka 80.

Sasa kazi ya kila siku. Kabla ya kunyoa, ngozi, safari ishirini au thelathini kwenda na kurudi, kwa mwendo wa kawaida. Mpini ushikwe kwa ncha za vidole. Uzito wa mpini wenyewe unatosha kwenye ngozi na kwenye jiwe vilevile, na ukihisi unabonyeza, umeshabonyeza sana. Mkono mzito kwenye ngozi unaifanya ngozi ibonyee na kuizunguka ncha, na ncha inaviringika badala ya kunyooka. Mwisho wa kila safari usigonge. Wengi hupenda ule mshindo na huuongeza mwendo ili usikike, lakini kugonga kunatikisa mhimili na kuupa nafasi ya kuyumba.

Jiwe liguse pale tu ngozi inaposhindwa kurudisha ulaini. Dalili ni rahisi: umepiga ngozi vizuri, umelowesha ndevu vizuri, na bado wembe unavuta. Hapo peleka jiwe safari chache, sita au nane, kisha ngozi nyingi kuliko kawaida, hamsini si nyingi. Ukitaka kuhakikisha, shikilia makali chini ya balbu moja na uyaangalie kutoka juu moja kwa moja. Makali mazima hayarudishi mwanga, unaona mstari mweusi tu. Popote panapometa, pana pengo au pamelala. Kutumia unga wa kijani wa kromiamu oksaidi, unaong'arisha makali, kunasaidia, lakini uupake kwenye kipande kingine cha ngozi kilichobandikwa ubaoni. Ukishauingiza kwenye ngozi ya kashani hautoki, na kuanzia siku hiyo kila upigaji wa asubuhi unakuwa unoaji mdogo.

Swali ninaloulizwa sana ni kama njia hii inafaa kwa mabapa ya kawaida ya dukani, yale membamba ya makali pande mbili. Zamani watu waliyasugua ndani ya bilauri ya kioo na kuyapa maisha kidogo. Ya leo yamepakwa tabaka jembamba sana la plastiki isiyonata, la jamii ileile ya kikaango, ili yateleze. Kioo au jiwe hulikwangua tabaka hilo kwanza. Unaweza kupata ncha, ukapoteza utelezi, na kwa bei ya bapa moja la dukani sioni sababu.

Kunyoa kwenyewe kuna mantiki yake hasa kwa sisi wenye ndevu za kujikunja. Vipele vya ndevu hutokea unywele unapokatwa chini ya uso wa ngozi, ukajikunja na kuchoma ngozi kutokea ndani, au unapotoka nje na kuingia tena pembeni. Vichwa vya plastiki vya mabapa matatu na manne hukata karibu mno, kwa sababu bapa la mbele huuvuta unywele kabla la nyuma halijaukata. Bapa moja halifanyi hivyo. Lakini bapa moja lililo butu linavuta vilevile, na ukivuta ngozi kwa mkono wa pili ili linyoe zaidi, unarudisha tatizo lote. Usiinyooshe ngozi kupita kiasi, fuata mlalo wa ndevu, pita mara moja, ukubali kubaki na vinyweleo vinavyohisika kidoleni jioni. Hiyo ndiyo bei ya shingo tulivu, na ni bei nafuu.

Lowesha ndevu kwa maji ya moto dakika mbili tatu kabla ya povu. Unywele uliolowa unakatika kwa nguvu ndogo zaidi, na kila nguvu inayopungua ni pengo ambalo ncha haitapata. Kichwa cha Rolls ni kinene, kwa hiyo chini ya pua kinaingia kwa shida. Kilaze karibu na uso, kianze juu ya mdomo kwa hatua fupi.

Ukimaliza, kausha. Chuma hiki kinashika kutu, na kutu inaanzia kwenye ncha, mahali penye chuma kidogo kuliko pote. Mitaa mingi ya Nairobi hutumia maji ya visima vya kuchimbwa yenye chumvi, na yakikaukia kwenye bapa huacha ukoko mweupe unaokaribisha unyevu. Suuza, futa kuanzia mgongoni kuelekea kwenye makali, piga ngozi safari tano kuondoa unyevu uliobaki, na usiweke kasha bafuni. Kabati la chumbani linafaa, hasa miezi ya baridi ya Juni na Julai ambapo bafu halikauki kutwa.

Limebaki la usafi, na hapa siwezi kupunguza ukali. Wembe uliotumiwa na mtu mwingine, awe babu yako au mtu usiyemjua, unaweza kubeba damu. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi. Wembe uliokaa sandukuni miaka 40 hauna hatari hiyo. Uliotumika wiki iliyopita unayo. Bapa, kinga na mpini vioshwe kwa sabuni, vichemshwe kwenye sufuria, vikaushwe mara moja vikiwa bado na moto. Usitumie dawa ya klorini ya kufulia nguo: inakula chuma cha kaboni na kuacha vishimo kwenye ncha. Ngozi haichemshiki, kwa hiyo ngozi ya wembe uliotumika karibuni ing'olewe na kuwekwa mpya. Na baada ya hapo wembe uwe wa mtu mmoja. Ndugu yako akiuomba, mpe pesa ya bapa la dukani.

Ukienda kuununua, nenda na lenzi ndogo. Muuzaji atakuonyesha nikeli inayong'aa na sanduku la karatasi lenye maandishi ya zamani. Wewe omba kutoa bapa. Vidoa vya kahawia mgongoni si kitu. Vishimo vyeusi vya kutu ndani ya milimita moja kutoka kwenye ncha ni jambo jingine, maana kila ukinoa utavikuta vingine vikingoja, na ncha itameguka hapohapo kila mara. Kona iliyovunjika, ufa wowote, au bapa lililoliwa upande mmoja likawa na sura ya mundu, liache. Halafu peleka mpini mara moja, polepole, ukiangalia kama bapa linalala kabla halijateleza. Likilala, na ncha ikiwa nzima, zungumza bei.